Unakosa Upande Uleule? Jicho Tawala na Matatizo ya Kulenga Kwenye Pool

Hapa Pasua, Moshi, kwenye meza ninayochezea karibu kila jioni, mchezaji akianza kukosa mfululizo huja na jibu tayari mdomoni: "Kaka, jicho langu ndilo bovu." Amesikia habari za jicho tawala, yaani lile ambalo ubongo hulitegemea zaidi katika kulenga, basi kila mpira unaogoma anausukumia huko. Mmoja anafumba jicho la kushoto, mwingine anahamisha kidevu kila shuti, na baada ya wiki mbili hata mkono aliokuwa nao umepotea. Mimi huwauliza swali moja tu: unakosa upande gani? Asiyeweza kujibu hilo bado hajafika mahali pa kutibu chochote.

Jicho linaweza kweli kukuharibia ulengaji, tena sana. Lakini likikuharibia linaacha alama yake, na alama hiyo inasomeka. Tuanze na kuisoma.

Mipira 20 na karatasi

Nenda baa mapema, saa nane au tisa mchana, kabla foleni ya wachezaji haijajaa. Weka mpira mmoja mahali ambapo utaukata wastani, yaani utaugonga kwa ubavu ili uende pembeni, si nyoofu wala si mwembamba sana. Weka alama ndogo ya chaki kwenye kitambaa ili uurudishe palepale, na nyeupe, ule mpira unaogongwa na fimbo, nayo uipe alama yake. Piga mara 10 ukikata kwenda kulia. Kisha hamishia upande wa pili, umbali uleule na pembe ileile, upige mara 10 ukikata kwenda kushoto. Nguvu ya kati, nyeupe igongwe katikati, bila spini, yaani bila kuizungusha kwa kuigonga pembeni.

Kila unapokosa, andika mpira umepita kulia mwa shimo au kushoto mwa shimo, ukitazama kutoka ulipo mpira. Usiandike "nimekosa". Hilo halisaidii.

Sasa soma karatasi. Ukikuta makosa karibu yote yako upande mmoja, kwa mfano kulia mwa shimo, ukikata kulia na hata ukikata kushoto, maana yake unapokata kulia unaukata mno na unapokata kushoto unaukata kidogo mno. Hiyo ndiyo alama ya mstari uliohama. Jicho lililo usoni mwako halijui unakata upande gani. Likikuonyesha mstari umesogea, litakuonyesha hivyo kwenye kila shuti, na mipira yote itavutwa upande mmoja.

Lakini ukikuta unaukata kidogo mno kote kuwili, yaani kulia na kushoto kosa ni lilelile kama sura na kivuli chake kwenye kioo, achana na jicho. Tafuta kwenye mipira yenyewe, au kwenye namna unavyokadiria unene wa mguso, yaani nyeupe igonge sehemu kubwa au ndogo kiasi gani ya mpira. Na kama makosa yametawanyika, huku mawili kule matatu bila mpangilio, tatizo liko kwenye mkono: unashika fimbo kwa nguvu, kiwiko kinayumba, au unainua kichwa kabla nyeupe haijafika.

Upande mmoja, lakini si jicho

Kabla hujagusa kichwa chako, zunguka meza. Shuti ileile uliyopiga ukiwa umeipa kaunta mgongo, ipige ukiwa umetazama kaunta. Kama mipira ilikuwa inaenda kulia kwako na bado inaenda kulia kwako, kosa linakufuata, ni lako. Kama sasa inaenda kushoto kwako, yaani bado inavutwa kwenye ukuta uleule, meza imelala. Meza nyingi za mtaani zimekaa kwenye sakafu ya saruji isiyo sawa, na chini ya mguu mmoja pana kipande cha boksi kilichokunjwa mwaka juzi. Vingirisha mpira polepole sana kwa urefu wa meza uone unakojipinda mwishoni. Mwambie mwenye baa. Ni kazi ya dakika 10 na mbao nyembamba.

Fimbo nayo. Ilaze mezani uiviringishe. Ikirukaruka katikati imepinda, na fimbo iliyopinda itakuonyesha mstari mmoja na kupiga mwingine. Chagua nyingine kwenye ile rafu ukutani, na ukipata iliyonyooka izoee hiyohiyo.

Upande mmoja, na meza ni nzuri

Sasa tuje kwenye jicho. Lijue kwanza. Hapa Moshi tuna shabaha nzuri kuliko mji wowote: asubuhi mapema, kabla mawingu hayajafunika, toka nje ukitazame kilele cha Kibo. Nyosha mikono yote miwili mbele, unganisha viganja ubakize kitundu kidogo kati ya vidole gumba na vya shahada, ukione kilele ndani ya kitundu hicho macho yote mawili yakiwa wazi. Bila kusogeza mikono, fumba jicho la kushoto. Kilele kikibaki ndani ya kitundu, jicho lako tawala ni la kulia. Kikitoweka, ni la kushoto. Ndugu zetu wa Arusha wautumie Meru. Ukikuta mlima umejifunika, nguzo ya umeme ya mbali inatosha. Rudia mara tano, maana wapo watu ambao majibu yao yanabadilika, na hilo lenyewe ni taarifa: macho yao yanagawana kazi karibu sawa.

Watu wengi, kama theluthi mbili hivi, hutawaliwa na jicho la kulia. Na si lazima jicho na mkono vikubaliane. Mtu wa mkono wa kulia mwenye jicho tawala la kushoto si mgonjwa wala si wa ajabu. Joe Davis wa Uingereza, aliyechukua ubingwa wa dunia wa snooker, mchezo ndugu wa pool, mara 15 kati ya 1927 na 1946, alikuwa na jicho dhaifu la kulia, na fimbo yake ilipita chini ya jicho la kushoto. Hakusubiri jicho libadilike. Alikipeleka kichwa panapotakiwa.

Wengi hukosea hapa. Wakishajua jicho tawala ni lipi, wanaibandika fimbo moja kwa moja chini yake na kudhani kazi imekwisha. Kwa baadhi ya watu ni kweli hapo ndipo mahali pake. Kwa wengine fimbo inatakiwa ipite chini ya pua, na kwa wengine mahali fulani kati ya pua na jicho. Dave Alciatore, mhandisi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado nchini Marekani na kuuchambua mchezo huu kwa hesabu na kamera, anasisitiza jambo hili: kila mchezaji ana mahali pake pa kichwa ambapo mstari ulionyooka unaonekana umenyooka, na mahali hapo si lazima pawe chini ya jicho tawala. Mimi napaita kitovu cha uoni. Jicho tawala linakudokezea kilipo, lakini halikuthibitishii.

Kukitafuta ni hivi. Pima kwa futi ya fundi katikati ya upande mfupi wa meza, huku na kule. Laza fimbo juu ya kitambaa ielekee kutoka katikati huku hadi katikati kule, na weka mpira mmoja kule mwisho kwenye mstari huo. Sasa fimbo imenyooka, hilo unalijua kwa kipimo na si kwa jicho. Inama kama unataka kupiga, bila kuigusa. Sogeza kichwa polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Kuna mahali fimbo itaonekana kama inalenga pembeni ya mpira, na ukiendelea kusogea kuna mahali fimbo na mpira vinaungana kuwa mstari mmoja mtulivu. Simama hapo. Mwambie mwenzako aguse kidevu chako mahali fimbo inapopita. Fanya tena, safari hii uiname macho yamefumbwa halafu uyafumbue. Mara tano. Ukipata mahali palepale mara nne, umekipata.

Kisha linganisha na unavyocheza kweli. Simamisha simu kwenye ukingo wa mbele, kamera ikutazame usoni kwenye mstari wa shuti, ujirekodi mipira kumi. Nilimfanyia hivyo dada mmoja anayeuza mitumba Memorial, mchezaji mzuri mwenye mkono mtulivu, ambaye mipira yake minyoofu ilikuwa inagonga mdomo wa kushoto wa shimo. Kwenye video fimbo ilipita chini kabisa ya jicho lake la kulia, kwa sababu aliambiwa jicho lake tawala ni hilo. Kitovu chake tulikipata karibu na pembe ya pua. Tofauti ilikuwa upana wa kidole kimoja.

Upana wa kidole unaonekana mdogo, kwa hiyo fanya hesabu hii. Chukua sentimita 23, takriban umbali kutoka mkono wako wa daraja, ule wa mbele unaoegemeza fimbo mezani, hadi ncha ya fimbo. Fimbo ikipotoka milimita 1 tu katika umbali huo, nyeupe ikisafiri mita 1 hadi kwenye mpira unaoupiga itafika ikiwa imehama takriban milimita 4. Mpira wa kawaida una kipenyo cha milimita 57. Hizo milimita 4 kwenye mguso zinatosha kuupotosha mpira uliopigwa zaidi ya digrii 4, na ukisafiri mita nyingine 1 kwenda shimoni, utapita sentimita 7 pembeni. Sentimita 7 hakuna shimo litakalozisamehe. Ndiyo maana mtu mwenye mkono mzuri kabisa anaweza kukosa siku nzima.

Na kwa nini kichwa kikihama mkono nao unapotea? Kwa sababu macho yanaposhuhudia mstari wa uongo, ubongo haukubali kimya. Mchezaji analenga vizuri, halafu katika pigo la mwisho mkono unapinda kidogo kurekebisha kitu anachokiona hakiko sawa. Kwa hiyo usishangae ukiona kosa linaonekana la mkono wakati chanzo kiko usoni. Tengeneza kichwa kwanza, mkono uutazame baada ya hapo.

"Nikisimama naona sawa, nikiinama mstari umehama"

Hili nalisikia kuliko yote, na karibu kila mara sababu ni namna ya kushuka. Mtu anasimama pembeni ya mstari, anainama kwa kuzunguka kama mlango kwenye bawaba, kichwa kinafika kutoka ubavuni na kutua popote kinapotua. Kitovu cha uoni lazima kiwe kwenye mstari tangu umesimama. Simama nyuma ya nyeupe, uso ukiwa kwenye mstari wa shuti, kisha shuka wima kama ndoo inayoteremshwa kisimani. Miguu ndiyo ijipange kufuata kichwa.

Kwa mtu wa mkono wa kulia mwenye jicho tawala la kushoto, hapa pana ugumu wa ziada. Kichwa chake kinatakiwa kisogee kulia zaidi ili fimbo ipite upande wa kushoto wa uso, na mwili unakataa. Akilazimisha kwa kupinda shingo, baada ya saa moja shingo inauma na kichwa kinarudi kilikozoea. Dawa iko miguuni. Asogeze mguu wa nyuma kidogo kidogo, sentimita mbili mbili, mpaka nyonga itoe nafasi na kichwa kitue mahali pake bila kukunjwa. Mpe wiki tatu. Atapiga vibaya kwanza, na asitishike.

Na ukishainama ukaona mstari haukupendezi, usirekebishe ukiwa chini. Simama, anza upya.

Kufumba jicho moja

Kama kipimo, sawa: ukiwa umeinama fumba la kushoto, fumbua, fumba la kulia, uone ni lipi linaruka zaidi kutoka kwenye picha ya macho mawili. Kama tabia ya kuchezea, hapana. Macho mawili yako mbalimbali kwa takriban sentimita 6, na tofauti hiyo ndiyo inayokupa umbali. Unahitaji umbali ili kujua nguvu ya kupiga. Kilichomfaa mwenye bunduki hakikufai wewe, kwa sababu yeye anatazama juu ya bunduki yake, na wewe fimbo yako iko chini ya kidevu.

Unaukata kidogo mno pande zote mbili

Mdogo wangu mmoja, dereva wa bodaboda wa Kiboriloni, alikuwa ameshahamisha kidevu mara tatu kwa ajili ya tatizo hili. Karatasi yake ilionyesha wazi: kulia anaukata kidogo, kushoto anaukata kidogo. Tulichofanya ni kuchukua kitambaa chenye maji kidogo, tukafuta mipira yote, tukaikausha. Kitambaa kilitoka cheusi, kina mafuta ya nyama choma na chaki ya miezi.

Mipira miwili inapogusana kwa pembe, inasuguana, na msuguano huo unaukokota mpira uliopigwa upande ule nyeupe inakoelekea. Matokeo yake mpira hutoka umekatwa kidogo kuliko ulivyolenga. Mipira ikiwa michafu mkokoto unaongezeka, na ukipiga polepole unaongezeka pia, hasa nyeupe inapofika ikiteleza bila kuviringika. Kwa hiyo kama unakosa hivi kwenye mapigo ya polepole tu, na kwa nguvu ya kati unaingiza, hapo jicho halina kesi. Lenga wembamba kidogo zaidi. Wenye mkono uliokomaa huipa nyeupe spini kidogo ya upande wa nje ya mkato, na mkokoto unapungua.

Tazama pia nyeupe yenyewe. Meza nyingi za kutumbukiza sarafu hutumia nyeupe isiyolingana na mipira mingine kwa ukubwa au uzito, ili mashine iitambue na kuirudisha. Ukiwa umezoea meza ya mipira inayolingana, unene wa mguso uliouzoea hautakuwa uleule. Kosa lake nalo huja pande zote mbili.

Unakosa ukiweka spini tu

Ukiigonga nyeupe upande wa kulia, haiendi fimbo inakoelekea. Inasukumwa kidogo kushoto, na kinyume chake. Kila fimbo ina kiasi chake. Wako wanaoweka spini bila kujua, kwa sababu kichwa kimehama na kile wanachokiona ni katikati ya nyeupe si katikati. Kipimo chake: chukua mpira wenye mstari, usimamishe mstari wima ukikutazama, uupige kama nyeupe kwenda ukingo wa mbele na kurudi. Mstari ukizunguka bila kuyumba, umegonga katikati. Ukiyumba, angalia alama ya chaki ilipobaki kwenye mpira. Alama ikikaa upande mmoja kila mara, rudi kwenye kipimo cha kitovu cha uoni.

Miwani na umri

Ukiinama, macho yako yanatazama kupitia ukingo wa juu wa kioo, mahali ambapo kioo hakikukusudiwa kutazamiwa. Picha inaweza kuhama, na fremu inakata mstari. Mwaka 1985 Dennis Taylor alimshinda Steve Davis 18 kwa 17 kwenye fainali ya ubingwa wa dunia wa snooker kule Sheffield, kwa mpira mweusi wa mwisho, akiwa amevaa miwani mikubwa iliyopandishwa juu ya macho kwa ajili hiyohiyo. Mweleze mtu wa miwani kwamba unatazama ukiwa umeinama, umwonyeshe hata mkao wenyewe, akuchagulie fremu ndefu kwenda juu.

Kama ulikuwa unaona vizuri na ghafla unaona mipira miwiliwili, au sehemu ya picha imefunikwa kama pazia, acha kujipima na mlima. Nenda hospitali siku hiyohiyo. KCMC ina idara ya macho, na hilo si jambo la kusubiri Jumatatu.

Usiku tu

Taa moja iliyowekwa pembeni hutia kivuli upande mmoja wa mpira, na ukingo unaoulenga unakuwa ukingo wa kivuli. Mchana unaingiza, saa mbili usiku unakosa upande wa gizani: ni taa.

Baada ya kurekebisha

Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Ukihamisha kichwa, acha mshiko, acha mguu, acha fimbo ileile. Cheza hivyo wiki mbili, kisha rudi kwenye mipira 20 na karatasi mpya, alama za chaki zikiwa palepale. Yule dada wa Memorial aliporudia, ule mdomo wa kushoto ulipigwa mara mbili tu, ila mara nne alianza kugonga wa kulia. Kosa likihama upande badala ya kupungua hivyo, umesogeza kichwa kupita kitovu. Rudisha nusu ya ulichosogeza, upige tena 20.